Charles Hamilton Houston: Mwalimu Aliyefua Mawakili wa Wanyonge

Utangulizi

Wahenga waliacha methali mbili zinazovutana kuhusu haki. Ya kwanza inashikilia kuwa mnyonge hana haki. Ya pili inaagiza kuwa mnyonge anyongwe, lakini haki yake apewe. Baina ya methali hizi mbili pana swali zito: haki hiyo mnyonge atapewa na nani, ilhali hajui sheria imesema nini, hana fedha za kumlipa wakili, na hakimu aliyeketi mbele yake ni mmoja wa wale wanaomnyonga? Charles Hamilton Houston, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1895 na kufariki mwaka wa 1950, alitumia umri wake wote kulijibu swali hili. Jibu lake halikuanzia mahakamani bali darasani. Aliamini kuwa kabla ya kumtafutia mnyonge hukumu njema, sharti atafutiwe wakili hodari. Na wakili hodari haokotwi njiani, bali hufuliwa kama mhunzi afuavyo jembe.

Katika Afrika Mashariki, jina la Houston halijulikani sana likilinganishwa na la mwanafunzi wake, Thurgood Marshall, ambaye mwaka wa 1960 alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika kutoka Kenya katika mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House, London. Hata hivyo, mto hauna budi kuwa na chemchemi yake. Kuyafahamu maisha ya Houston ni kuifahamu chemchemi ambayo maji yake yalitiririka hadi katika historia ya Kenya.

Malezi na Masomo ya Awali

Houston alizaliwa tarehe 3 Septemba 1895 katika jiji la Washington. Babu yake mzaa baba alikuwa mtumwa aliyetoroka utumwani. Baba yake, William, alikuwa karani wa serikali mchana na mwanafunzi wa sheria jioni katika Chuo Kikuu cha Howard, chuo kilichoasisiwa mwaka wa 1867, miaka miwili baada ya utumwa kukomeshwa Marekani, na ambacho kilikuwa tegemeo kuu la elimu ya juu kwa watu weusi. Mama yake, Mary, alikuwa mwalimu kabla ya kuacha kazi hiyo na kujipatia riziki kwa kushona nguo na kutengeneza nywele. Hivyo, Charles, mtoto wao wa pekee, alilelewa katika nyumba ambamo kitabu na jasho vilikaa meza moja.

Mwaka mmoja tu baada ya kuzaliwa kwake, yaani mnamo 1896, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya Homer Plessy, mtu aliyekataa kuketi katika behewa la garimoshi walilotengewa watu weusi huko Louisiana. Mahakama iliamua kuwa si kosa kuwatenga watu kwa misingi ya rangi, mradi huduma wanazopewa ziwe sawa. Kutokana na uamuzi huo, majimbo ya Kusini yalipata kibali cha kutenganisha shule, hospitali, magari, mikahawa na hata mabomba ya maji ya kunywa. Kutengwa kulitekelezwa kwa ukamilifu. Usawa ulibaki kwenye karatasi. Mtoto huyo na uamuzi huo walikua pamoja, na mmoja aliishia kuwa adui mkuu wa mwenzake.

Houston alikuwa mwanafunzi mwerevu tangu utotoni. Baada ya kuhitimu masomo ya sekondari, alijiunga na Chuo cha Amherst katika jimbo la Massachusetts mwaka wa 1911, akawa mtu mweusi pekee katika darasa lake. Alihitimu mwaka wa 1915 miongoni mwa wanafunzi bora kabisa, akachaguliwa kuhutubia hafla ya mahafali. Mada aliyoiteua haikuhusu sheria hata kidogo, bali maisha na kazi za Paul Laurence Dunbar, mshairi mweusi ambaye alikuwa amefariki miaka tisa awali. Alipomaliza masomo hayo alirejea Washington na kufundisha Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Howard kwa miaka miwili. Ni bayana kuwa mtu huyu, kabla ya kuwa mwanasheria, alikuwa mwalimu wa lugha na mpenzi wa fasihi.

Vita na Uamuzi wa Kusomea Sheria

Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia mwaka wa 1917, Houston alijiunga na mafunzo ya maafisa weusi huko Fort Des Moines, jimbo la Iowa, akapata cheo cha luteni. Jeshini alidhani atapigana na Wajerumani. Badala yake alijikuta akipigana na dharau ya Wamarekani wenzake. Katika kambi alitwikwa jukumu la kuchunguza na kuendesha mashtaka dhidi ya wanajeshi weusi, akajionea jinsi askari anavyoweza kuadhibiwa ilhali ushahidi dhidi yake haupo. Alipopelekwa Ufaransa, yeye na maafisa wenzake weusi walizingirwa usiku mmoja na kundi la wanajeshi wazungu wa Marekani katika mji wa Vannes, wakakaribia kuuawa, kisa kikiwa ugomvi uliozuka juu ya wanawake wa Kifaransa. Waliokoka kwa tundu la sindano.

Tukio hilo lilimbadilisha. Aliapa moyoni kuwa akinusurika vita hivyo, atasomea sheria na kutumia maisha yake kuwapigania watu wasioweza kujibu kipigo. Aliporejea nyumbani mwaka wa 1919 alikuta hali imechacha. Mwezi Julai mwaka huo makundi ya wazungu, wakiwemo wanajeshi, yaliwavamia watu weusi katika barabara za Washington, mji aliozaliwa. Sare ya jeshi haikumkinga mtu mweusi na fimbo.

Msimu wa vuli wa mwaka huohuo wa 1919 alijiunga na Shule ya Sheria ya Harvard. Huko akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bodi ya wahariri wa jarida la sheria la chuo hicho. Alipata shahada yake ya kwanza ya sheria mwaka wa 1922 na ya uzamifu mwaka wa 1923, akiongozwa na Profesa Felix Frankfurter, ambaye baadaye aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Kisha alipata ufadhili wa kwenda kusomea sheria za kiraia katika Chuo Kikuu cha Madrid, Uhispania. Mnamo 1924 alisajiliwa kuwa wakili, akajiunga na afisi ya baba yake jijini Washington, na wakati uo huo akaanza kufundisha sheria Howard.

Kufua Mawakili Howard

Katika miaka hiyo, mawakili weusi walikuwa wachache mno nchini Marekani, na katika majimbo ya Kusini, ambako Wamarekani Weusi wengi waliishi, uhaba huo ulikuwa mkubwa zaidi. Houston mwenyewe aliufanyia hali hiyo utafiti katika miaka ya 1927 na 1928. Maana ya uhaba huo ilikuwa wazi. Mkulima aliyenyang'anywa shamba, kijana aliyesingiziwa kosa, au mwalimu aliyelipwa nusu ya mshahara wa mwenzake mzungu, wote waliweza kuwa na haki katika Katiba na bado wasiwe na kinywa cha kuidai. Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka wa 1868, yaliahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Kilichokosekana ni watu wa kuishika ahadi hiyo mkononi na kuipeleka mbele ya majaji.

Mwaka wa 1929 Mordecai Johnson, rais wa kwanza mweusi wa Chuo Kikuu cha Howard, alimteua Houston kuwa naibu mkuu wa Shule ya Sheria. Ingawa aliitwa naibu, usukani wa shule ulikuwa mikononi mwake. Shule aliyoikuta ilikuwa ya masomo ya jioni, yenye walimu wa muda na maktaba duni, na haikutambuliwa na vyama vikuu vya taaluma hiyo. Houston aliamua kufunga masomo ya jioni na kuifanya shule hiyo kuwa ya kutwa.

Uamuzi huo ulizua upinzani mkali, na wapinzani hawakukosa hoja. Wanafunzi wengi walikuwa maskini waliofanya kazi mchana. Kuwafungia masomo ya jioni kulikuwa sawa na kuwafungia mlango wa taaluma. Baba yake Houston mwenyewe alikuwa zao la masomo hayo ya jioni. Kwa upande wake, Houston aliona kuwa wakili mweusi atakayesimama mbele ya jaji mwenye chuki hatapata msamaha hata wa kosa dogo, na kwamba mnyonge anayepewa wakili dhaifu amenyongwa mara mbili. Alichagua ubora, huku akijua kuwa baadhi ya watu wa tabaka la baba yake wangelipia uchaguzi huo. Kufikia mwaka wa 1931 shule hiyo ilikuwa imepata ithibati ya Chama cha Mawakili cha Marekani.

Darasani alikuwa mkali kupindukia. Aliwatahadharisha wanafunzi wapya kuwa wengi wao hawatafika mwisho wa safari, na ikawa hivyo. Walimpachika lakabu ya Viatu vya Chuma. Aliwapeleka katika mahakama, magereza na vituo vya polisi ili waione sheria inavyoishi nje ya vitabu. Zaidi ya yote, aliwafunza kuwa wakili ana njia mbili tu: ama awe mhandisi wa jamii anayetumia Katiba kuyarekebisha maisha ya watu wake, ama awe kupe anayenyonya damu yao. Njia ya tatu hakuitambua.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa kijana mrefu mwenye utani mwingi, Thurgood Marshall, aliyesafiri kila siku kwa garimoshi kutoka Baltimore. Mwaka wa 1933 Marshall alihitimu akiwa wa kwanza darasani, akifuatwa na Oliver Hill, ambaye naye alikuja kuwa wakili mashuhuri katika jimbo la Virginia. Vijana waliopitia katika tanuri hilo ndio waliokuja kuwa uti wa mgongo wa mapambano ya kisheria kwa miaka 20 iliyofuata.

Houston hakuwa mwalimu wa nadharia tu. Mwaka wa 1933 aliongoza kundi la mawakili weusi watupu kumtetea George Crawford, mtu mweusi aliyeshtakiwa kwa mauaji ya wanawake wawili wazungu katika kaunti ya Loudoun, Virginia. Kuwaona mawakili weusi wakiwahoji mashahidi wazungu katika mahakama ya Kusini lilikuwa jambo geni. Houston alipinga desturi ya kuwaengua watu weusi kutoka kwa juri, yaani baraza la raia wanaoamua iwapo mshtakiwa ana hatia. Crawford alipatikana na hatia, lakini aliponea kitanzi na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Houston hakukata rufaa, kwa kuwa kesi mpya ingeweza kumrejesha mteja wake kwenye hatari ya kifo. Kwa hilo alilaumiwa vikali na baadhi ya wanaharakati walioona kuwa ameiacha hoja ya juri njiani. Lawama hizo zilifichua mvutano usiokwisha katika kazi ya wakili wa haki za binadamu: je, anamtumikia mtu aliye mbele yake, au umma wote ulio nyuma ya mtu huyo? Katika kesi hiyo Houston alichagua uhai wa mteja wake. Hoja ya juri haikufa, hata hivyo. Mwaka wa 1935, katika kesi ya Hollins kutoka Oklahoma, aliishawishi Mahakama ya Juu kuitengua hukumu ya mtu mweusi kwa sababu watu wa rangi yake walikuwa wameenguliwa kutoka kwa juri.

Mkakati wa Mahakamani

Mwaka wa 1935 Houston alihamia New York kuwa wakili mkuu wa NAACP, chama kilichoasisiwa mwaka wa 1909 kutetea maslahi ya watu weusi. Kazi yake ilikuwa kuung'oa mti ambao mizizi yake ni uamuzi wa 1896. Wako waliotaka uamuzi huo ushambuliwe moja kwa moja. Houston, aliyewafahamu majaji wa enzi hiyo, alijua kuwa shambulio la aina hiyo lingeshindwa, na kushindwa kungeimarisha ubaguzi maradufu. Aliamua kuukata mti huo tawi baada ya tawi.

Mbinu yake ilikuwa kuwabana wabaguzi kwa maneno yao wenyewe. Ikiwa sheria inasema watu watengwe kwa usawa, basi majimbo yadaiwe usawa huo kikamilifu, hadi gharama ya kuwa na kila kitu viwiliviwili iwashinde. Hakuanza na shule za watoto, kwani huko hisia za wazungu zilikuwa kali mno. Alianza na shule za sheria za vyuo vikuu. Sababu zake zilikuwa za werevu. Majimbo mengi hayakuwa na shule yoyote ya sheria kwa watu weusi, hivyo pengo halikuweza kufichwa. Aidha, kila jaji alikuwa amesomea sheria, na hakuhitaji kuelezwa tofauti kati ya shule ya kweli na chumba kilichobandikwa jina la shule.

Pamoja na hayo, Houston alijua kuwa kesi bila ushahidi ni ngoma bila ngozi. Alizunguka majimbo ya Kusini kwa gari, mara nyingine akiandamana na Marshall, akiandika taarifa zake kwa taipureta safarini. Alibeba pia kamera ya filamu, na huko South Carolina alipiga picha za shule za watoto weusi zilizokuwa vibanda vya mbao, na za watoto wazungu zilizojengwa kwa matofali. Alizungumza na wazazi na walimu makanisani na katika mikutano ya hadhara, kwa kuwa aliamini kuwa ushindi wa mahakamani ambao wananchi hawauelewi wala kuudai ni ushindi usio na mwenyewe.

Tawi la kwanza lilianguka Maryland. Donald Murray, kijana mweusi aliyehitimu Amherst kama Houston, alikuwa amenyimwa nafasi katika Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland. Mwaka wa 1935 Houston na Marshall waliishtaki taasisi hiyo mjini Baltimore, wakashinda. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya jimbo ikaunga mkono ushindi huo. Murray alihitimu mwaka wa 1938.

Tawi la pili lilikuwa nene zaidi. Lloyd Gaines wa St. Louis alikataliwa na Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Missouri. Jimbo hilo lilikuwa tayari kumlipia karo akasomee jimbo jirani, ili mradi asikanyage chuo cha wazungu. Houston aliifikisha kesi hii katika Mahakama ya Juu. Inasimuliwa kuwa aliposimama kutoa hoja zake, Jaji McReynolds aligeuza kiti na kumpa mgongo. Houston aliendelea kuzungumza. Tarehe 12 Desemba 1938 mahakama iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 2, kuwa jimbo lenye wajibu wa kutoa elimu kwa usawa haliwezi kuutupa wajibu huo nje ya mipaka yake.

Gharama ya Mapambano

Ushindi huo haukuwa na sherehe ndefu. Badala ya kumpokea Gaines, Missouri ilianzisha shule nyingine ya sheria kwa watu weusi katika jengo ambalo awali lilikuwa chuo cha urembo. Mawakili walijiandaa kurudi mahakamani, lakini mlalamishi hakuonekana. Mwezi Machi 1939 Gaines alitoka katika nyumba aliyokuwa akiishi jijini Chicago, akasema anakwenda kununua stempu, na hakuonekana tena hadi leo. Haijulikani iwapo aliuawa, alitishwa au alichoka tu na mzigo aliotwikwa. Bila mlalamishi kesi ilikufa. Mwaka wa 2006 Chuo Kikuu cha Missouri kilimtunuku shahada ya heshima ya sheria, tuzo ambayo mwenyewe hakuwepo kuipokea.

Kisa cha Gaines kinaonyesha upande wa mapambano ya kisheria ambao hausomwi katika maandishi ya hukumu. Kila kesi iliyobadilisha sheria ilibebwa mabegani mwa mtu wa kawaida, mwenye wazazi, madeni na hofu zake. Wakili huandika hoja na kurejea afisini. Mlalamishi hurejea mtaani kwake. Ukosoaji huu unamgusa Houston na wote waliofuata mbinu yake.

Yeye mwenyewe hakujihurumia. Mwaka wa 1928 alikuwa ameugua kifua kikuu, na afya yake haikupata kuwa imara tangu hapo. Safari ndefu, kazi za usiku na mvutano wa kesi vilimdhoofisha. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka wa 1937, akaoa tena mwaka huohuo. Mnamo 1938 alirejea Washington katika afisi ya baba yake, akimwachia Marshall usukani New York.

Miaka ya Mwisho

Kurejea Washington hakukuwa kustaafu. Mwaka wa 1944 alishinda katika Mahakama ya Juu kesi ya Bester Steele, mchochea moto wa garimoshi huko Alabama. Chama cha wafanyakazi wa reli kilikuwa na mamlaka ya kisheria ya kuzungumza kwa niaba ya wachochea moto wote, lakini kiliwakataza weusi uanachama, kisha kikatia saini mkataba wa kuwanyima kazi. Mahakama iliamua kuwa anayepewa na sheria mamlaka ya kuwawakilisha wafanyakazi wote, sharti awawakilishe wote bila ubaguzi.

Mwaka huohuo Rais Franklin Roosevelt alimteua katika kamati ya kusimamia haki katika ajira. Alijiuzulu Desemba 1945, baada ya Rais Harry Truman kuizuia kamati hiyo kuiamuru kampuni ya usafiri ya Washington kuwaajiri weusi kama madereva na makondakta. Mwaka wa 1948 alikuwa miongoni mwa mawakili walioishawishi Mahakama ya Juu kuwa mahakama haziwezi kutumiwa kutekeleza mikataba iliyokataza nyumba kuuziwa watu weusi. Katika miaka hiyohiyo aliwatetea, bila kudai malipo, wazazi maskini wa Washington walioongozwa na kinyozi Gardner Bishop, ambao watoto wao walisongamana katika shule mbovu ilhali shule za wazungu zilikuwa na nafasi tele.

Moyo ulianza kumlemea. Akiwa mgonjwa, alimwomba James Nabrit, mwalimu mwenzake wa Howard, kuipokea kesi ya wazazi hao. Aliacha pia ujumbe kwa mwanawe mdogo, akimweleza kuwa baba hakumkimbia, bali alianguka akipigania maisha bora kwake na kwa watoto wengine. Alifariki jijini Washington tarehe 22 Aprili 1950, akiwa na umri wa miaka 54.

Wiki sita baadaye, tarehe 5 Juni 1950, Mahakama ya Juu iliamuru chuo kikuu cha Texas kimpokee mwanafunzi mweusi katika shule yake ya sheria, ikieleza kuwa shule iliyojengwa kando haikuweza kulingana na ya wazungu. Hiyo ndiyo hoja ambayo Houston alikuwa ameipanda Maryland. Tarehe 17 Mei 1954, katika kesi ya Brown na ile ya Washington aliyoipokea Nabrit, mahakama hiyo iliharamisha utengano wa rangi katika shule zote za umma. Mti uling'oka, na aliyeuchimbia mizizi hakuwepo kuuona ukianguka. Marshall, aliyeongoza mawakili hao, hakuchoka kueleza kuwa sifa zilikuwa za mwalimu wake.

Mkondo Uliofika Kenya

Mnamo Januari 1960, Marshall alikuja Kenya na kisha akaelekea London, kufuatia mwaliko uliotokana na juhudi za Tom Mboya, ili awashauri wajumbe Waafrika katika mkutano wa Lancaster House. Aliandika rasimu ya sheria ya haki za binadamu iliyojumuisha usawa mbele ya sheria, elimu na ulinzi wa mali. Palikuwa na kinaya katika kazi hiyo. Mtu aliyetumia maisha yake kuwatetea wachache waliokandamizwa kwao, sasa alitakiwa kuandika ulinzi wa wachache, wazungu na Wahindi, ambao baadhi yao ndio waliokuwa wameshika ardhi na biashara. Marshall hakuyumba. Kwake, haki inayomkinga tu yule umpendaye haikuwa haki. Ingawa katiba ya uhuru ya 1963 haikuifuata rasimu yake neno kwa neno, fikra kwamba raia aweze kuishtaki serikali kwa kukiuka haki zake zilikuwa zimefika mezani.

Kenya nayo ilikuwa na tatizo alilolifahamu Houston. Chini ya ukoloni, Waafrika waliburutwa mahakamani kwa maelfu ilhali wakili Mwafrika hakuwapo. Katika miaka ya 1950, C. M. G. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili nchini, alisimama kuwatetea washukiwa wa Mau Mau. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka wa 1961, na cha Nairobi mwaka wa 1970. Kabla ya hapo, aliyetaka kuwa wakili alilazimika kuvuka bahari.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 48, inaitaka serikali kuhakikisha kuwa kila mtu anaifikia haki, na kwamba ada haimzuii. Maisha ya Charles Hamilton Houston yanakumbusha kuwa maneno ya aina hiyo, hata yakiwa mazuri kiasi gani, hayatembei yenyewe. Marekani ilikuwa na maneno mazuri tangu 1868, na ilichukua miaka 86, shule moja iliyojengwa upya, vijana waliosuguliwa darasani na mwalimu aliyekufa mapema, ili maneno hayo yamfikie mtoto wa shule.

Houston aliingia Howard kama mwalimu wa lugha, na hata alipogeuka mwanasheria, silaha yake ilibaki kuwa neno lililopimwa na kutamkwa bila woga mbele ya aliyempa mgongo. Katika mahakama ya kuku panzi hana haki, wahenga walisema. Houston hakuibishia methali hiyo. Aliwafunza panzi sheria za kuku, akawasindikiza hadi mahakamani, na akawaachia wao kazi ya kusema.